Kisanduku Chenye Sikio

Jumatatu, 3 Februari

Dada yangu,

Usishangae kupata karatasi. Nimempa dereva wa gari la dawa aikabidhi mkononi mwako, si mapokezi, si kwa mtu yeyote atakayesema "nipe tu, nitamfikishia". Kuanzia leo habari za kile kisanduku cha kulinda mtandao nilichokufungia hatuzizungumzi kwa simu wala kwa ujumbe. Kama kuna mtu ameingia kwenye mtandao wa zahanati yako, basi anasoma kila tunachoandikiana, na sitaki ajue kwamba nimeshtuka.

Kisanduku kinachomolewa. Si umeme, umeme ningeuona. Kila alasiri kinanyamaza, halafu baadaye kinarudi kama mtu aliyetoka kula. Mimi niko huku mbali nakodolea kioo macho, zahanati yako nzima imepotea, na hapo hapo yule dada wako wa mapokezi, Kicheko, ananitumia vikaragosi kutoka kwenye kompyuta ya kazini. Maana yake mtandao unafanya kazi. Mtu ametoa nyaya kwenye kisanduku na kuziunga pembeni, na taarifa za wagonjwa zinapita bila mlinzi.

Sihitaji kukukumbusha mwaka jana, lakini nakukumbusha. Wezi walifunga mafaili yote, ukawa unawauliza wanawake walioshikwa na uchungu kundi lao la damu ni lipi. Wakaguzi wanakuja mwezi ujao, na walishakwambia kwamba ulinzi ukionekana umekatika, wanafunga zahanati. Kisanduku kinaweka kumbukumbu ya kila kinapochomolewa. Wataiona.

Nani anaingia stoo?

Mdogo wako,
Fundi


Alhamisi, 6 Februari

Mdogo wangu,

Dereva alinikabidhi barua yako nikiwa na glavu mikononi na mtoto nusu ameshatoka. Ulimwambia mkononi mwangu, basi akasimama pale mlangoni kutimiza wajibu wake mpaka mama mzazi mwenyewe, katikati ya uchungu, akamtimua. Siku nyingine mwambie abishe hodi ofisini.

Hakuna anayegusa kisanduku chako. Kipo pale pale kwenye rafu ya stoo, kinapepesa taa zake za kijani. Ninaingia mimi. Anaingia Kicheko kuchukua karatasi za printa. Na anashinda humo baba, ambaye amehamishia kiti chake stoo kwa sababu ya ile feni uliyoweka ipoze mitambo yako. Sisi wengine tunatoka jasho huku mbele, mitambo na baba wanapulizwa upepo. Anakaa na ile redio yake mbovu mapajani, anasema anaitengeneza. Ameitengeneza tangu mama yupo hai.

Na kwa baba huyo umeniachia kazi. Tangu siku uliyokuja kufunga kisanduku ukamwambia kinasikia hata mtu akikohoa, hajaacha kuniuliza. Leo tena: "Kinasikia maneno, au kinajua tu kwamba kuna mtu anaongea?" Nikamwambia amuulize mwenye kisanduku. Mtu aliyeunganisha simu za watu maisha yake yote, nilidhani angeelewa haraka kuliko mimi.

Huenda kibovu ni kisanduku. Hilo umelifikiria, au vitu vyako haviharibiki?

Dada yako


Jumatatu, 10 Februari

Dada,

Hakijaharibika. Mwambie baba kinasikia kila kitu, na kisichosikika kinakisia.

Kwenye kifurushi hiki kuna kidude kidogo kama kiberiti. Kinaitwa kinasa. Kisanduku ni mlinzi wa getini, anazuia. Kinasa ni kama jirani aliyekaa dirishani, hamzuii mtu, anaangalia tu nani kapita na anaelekea wapi, kisha ananiambia mimi. Kifunge juu ya dari, pale waya mkuu unapoingia kutoka nje. Mtu akiupitisha mtandao pembeni ya kisanduku, bado atapita chini ya kinasa na hatajua.

Chomoa waya, ingiza upande wenye alama nyekundu, toa upande wa pili. Haina ugumu. Usimwambie mtu yeyote, na Kicheko hasa. Nampenda sana, lakini siri kwake haifiki jioni.

Kazi ya ngazi angeimaliza kaka mkubwa kabla hujamaliza kulalamika, lakini ndiyo hivyo.

Fundi


Ijumaa, 14 Februari

Mdogo wangu,

Nilishasema mtu yule asitajwe kwenye nyumba hii, nawe unamtaja kwa ajili ya ngazi. Mtu aliyeshindwa kuja kumzika mama yake asinitengenezee dari hata kwa mawazo.

Kidude chako nimekifunga. Nilisubiri baba aende kunyolewa, nikamtuma Kicheko dukani kununua kitu nisichokihitaji, nikapanda na tochi mdomoni. Alama nyekundu haipo. Kuna alama ya rangi ya kahawia na nyingine ya rangi ya kahawia iliyofifia. Nilichagua moja, mtandao ukafa, nikabadilisha, ukafufuka. Nimeshuka na buibui kwenye nywele, na mgonjwa aliyekuwa anasubiri akaniuliza kama zahanati ina daktari mwingine.

Nimezalisha watoto wanaojaza shule nzima, na sijawahi kumwambia mama yeyote "haina ugumu". Jifunze.

Kama hicho nacho hakitaona kitu, ninachomoa vyote naweka kufuli.

Dada yako


Jumatano, 19 Februari

Dada yangu,

Kimeona. Kaa chini kwanza.

Kuna kifaa kwenye mtandao wako ambacho sikijui. Si kompyuta ya mapokezi, si ya maabara, si simu yako. Kila kifaa kina namba yake ya kuzaliwa, na hiki hakimo kwenye orodha tuliyoiandika pamoja. Kila alasiri, kisanduku kikishachomolewa, kinaamka, kinatuma mzigo mzito nje ya nchi, kwenye sehemu moja ile ile, na kupokea mzigo mwingine mzito. Kikimaliza kinalala, na kisanduku kinarudishwa. Ndani ya mzigo siwezi kuona, umefumbwa. Naona tu unatoka wapi, unakwenda wapi na una uzito gani. Kwa uzito huo inaweza kuwa picha. Inaweza kuwa mafaili yote ya wagonjwa tangu ulipofungua.

Huyu si mtoto anayecheza. Anajua waya upi ni wa nini, na ana muda wake maalumu. Yumo ndani ya jengo, dada. Angalia nani anatoweka alasiri.

Nimelala vibaya wiki nzima. Nikifikiria umehangaika vipi kuijenga zahanati hiyo, halafu mtu unayemlipa mshahara anaiuza kipande kipande, nashindwa hata kula.

Fundi


Jumatatu, 24 Februari

Mdogo wangu,

Nimemkamata. Yaani, nimekamata alichofanya.

Jana alasiri niliingia stoo kuchukua pamba. Baba kasinzia kwenye kiti, redio mapajani. Taa za kisanduku zimezima. Nyuma yake nyaya mbili zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa kiungio, tena mwizi wako nadhifu, ameziviringishia uzi juu ili zisichomoke. Damu ikanipanda. Nilichukua mkasi wa kukatia vitovu nikakata kile kipande chote, kiungio, uzi na yote. Nimekiweka humu ndani ya bahasha kama ushahidi. Mtandao ukafa mpaka leo asubuhi nilipochomeka nyaya mpya, na usiniambie neno juu ya hilo, kwa sababu wewe ndiye uliyeniacha na vitu hivi.

Ni Kicheko. Alasiri ndiye anayekwenda "kuchukua karatasi". Ana simu mpya. Na juzi nilimkuta amesimama mlangoni mwa stoo, hana karatasi, hana chochote, amesimama tu kama askari. Nilimwita ofisini nikamuuliza. Alicheka kidogo, kama kawaida yake, halafu akaona uso wangu akaacha. Nilimuuliza mara ya pili. Akasema, "Dada mkubwa, mimi sijachukua kitu, lakini la kusema sina." Nikamwambia aende nyumbani mpaka nitakapomwita. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki bila kunitazama.

Nilitarajia ningejisikia vizuri. Najisikia vibaya, na mapokezi pamekuwa kimya, na baba hajala tangu jana. Anasema hana njaa.

Wakaguzi wiki ya tatu ya Machi. Niambie tunafanya nini.

Dada


Ijumaa, 28 Februari

Dada,

Mrudishe Kicheko. Leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii kama inawezekana.

Nimefungua bahasha, nikakishika kile kipande, na nikabaki nacho mkononi mpaka chai ikapoa. Uzi ule umepakwa nta. Haukuviringishwa hovyo. Kila mzunguko umepita chini ya uliotangulia, na mwisho wake umerudishwa ndani ili usionekane. Mimi ninalijua fundo hilo. Ndivyo nyaya zote zilivyofungwa kwenye chumba cha mitambo ya simu alikokuwa akifanya kazi baba, mafungu kwa mafungu, toka sakafuni mpaka darini. Ndivyo alivyokuwa akifunga kamba za viatu vyangu vya shule, na ndiyo maana zilikuwa hazifunguki mpaka arudi kazini. Duniani wamebaki watu wachache wanaofunga hivyo, na mmoja wao anashinda stoo kwako akipepewa na feni yangu.

Nilitafuta mwizi anayejua nyaya. Nikatafuta mahali pote isipokuwa kwenye kiti.

Sasa lililobaki. Namba ya upande wa pili naiona, jina silioni. Lakini nchi naiona tangu siku ya kwanza, sikukutajia kwa sababu niliona haina maana. Ni nchi ile. Unajua nani yuko huko, yule uliyesema asitajwe. Utakasirika, na kasirika, ila baba usimfokee kabla hujamsikiliza.

Fundi


Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia leo. Gari la dawa lilikuwa gereji. Siku zote hizo binti wa watu amekaa kwao akijulikana ni mwizi, kwa sababu fundi wa mitandao ya kisasa hataki kupiga simu.

Nimekwenda kwao mwenyewe. Nilimkuta anafua. Alijua tangu mwanzo. Alikuwa anamsimamia baba mlangoni nisimfume. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata nilipomfukuza. Akasema, "Mzee aliniomba, na aliomba kama mtu anayeona aibu kuomba." Nilijipanga kumwomba radhi kwa maneno mazuri, badala yake nikamsaidia kuanika mashuka. Kesho anarudi. Amesema nikimwita tena ofisini kwa sauti ile, hatarudi tena, na amenitolea macho kuhakikisha nimeelewa.

Kisha nikaenda kwa baba. Sikumfokea, kwa taarifa yako. Nilimuuliza mara moja tu, nani yuko upande wa pili. Akanyanyua redio, akafungua mgongo wake. Ndani hamna redio. Kuna kishikwambi kimekaa kama yai kwenye kiota. Nikatoka. Nimeupigiza mlango, hilo sikatai.

Hanisemeshi na mimi simsemeshi. Anataka kukuandikia wewe. Nimempa karatasi.

Dada yako aliyechoka


Alhamisi, 6 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu. Afya yangu nzuri. Mguu unasumbua, lakini huo si wa kuandikiwa barua.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa jambo moja kabla ya mengine yote. Ukishawaunganisha watu, ukisikia wamesalimiana, unavua kisikilizio masikioni unakiweka mezani. Haijalishi ni nani. Mama yenu nilimuunganisha na dada yake mara nyingi, siku nyingine salamu yenyewe inaanza na kilio, na nilivua. Nikirudi nyumbani nasubiri aniambie mwenyewe. Siku nyingine aliniambia, siku nyingine hakuniambia. Kwa kazi hiyo mmesoma, wewe na wenzako.

Ukaja wewe na kisanduku, ukanipigapiga begani, ukasema kinasikia hata nikikohoa. Ulikuwa unacheka. Mimi sikucheka. Nilisubiri unieleze vizuri, ukaondoka. Nikamtuma dada yako akuulize kama kinasikia maneno, ukajibu utani. Basi nikafanya ninachojua. Nikitaka kuongea nakitoa njiani, nikimaliza nakirudisha, ile siku tu nilipitiwa na usingizi. Kama wagonjwa walibaki bila ulinzi, hilo nimelijua leo kwenye barua zenu, na limeniumiza. Wewe hukunieleza habari za wagonjwa. Ulinieleza kikohozi.

Kaka yenu haongei sana. Anasimamisha simu jikoni kwake, anapika, mimi namwangalia. Ndiye aliyenitumia kishikwambi. Ana binti. Yule mtoto ana pengo la mbele kama la mama yenu, na akicheka analiziba kwa ulimi kama yeye.

Hakuja mazishini kwa sababu hakuwa na vibali. Angetoka huko asingerudi, na mtoto alikuwa bado wa kubebwa. Alipiga simu amwambie dada yako. Hakupokea. Akapiga tena. Akaniomba nisimtetee, akasema atakayoyasema yataonekana visingizio. Nimekaa na hilo nikakonda. Sasa nimelitoa, na yeye akasirike akitaka, mmezoea.

Kicheko msimguse. Nilimuingiza mimi.

Baba yako


Jumatatu, 10 Machi

Baba,

Shikamoo.

Kisanduku hakisikii maneno. Hakijawahi. Kinajua tu kwamba kuna mtu anaongea na yuko upande gani, kama wewe ulivyokuwa ukiona taa ikiwaka kwenye ubao. Ulichouliza ndicho hicho hicho, na jibu lake lilikuwa sentensi moja. Nimekasirika wiki hizi zote, na leo hasira imekosa pa kwenda, imerudi kwangu.

Dereva ameleta waya wa bluu. Nyuma ya swichi, kile kidude kinachogawa nyaya za mtandao, kuna matundu manne, la nne liko wazi. Mwambie dada achomeke hapo, upande wa pili uende kwenye kile kidude chenye antena kilichomo kwenye kifurushi. Hiyo ni njia yako peke yako. Nimeitenga na kompyuta za wagonjwa, haiwezi kugusa faili hata ikitaka, kwa hiyo kisanduku kinabaki getini na wakaguzi hawatakuwa na la kusema. Vile vipindi kilivyochomolewa nimewaandikia mimi mwenyewe ufafanuzi na kuweka sahihi. Kinasa nacho nimekiagiza kisinakili chochote cha tundu la nne. Nani unaongea naye na saa ngapi, sitajua.

Nimevua kisikilizio, baba.

Dada, najua unasoma barua hii kabla hujampa. Tundu la nne. Waya wa bluu. Na tafadhali usikate kitu.

Mwanao, Fundi


Ijumaa, 21 Machi

Mdogo wangu,

Waya wa bluu ulikuwa wa kijani. Nimeuchomeka hivyo hivyo.

Wakaguzi walikuja juzi. Mmoja alisoma ufafanuzi wako mpaka mwisho, akakiangalia kisanduku, akamwangalia baba kwenye kiti chake, akauliza huyu mzee ni nani. Kicheko akajibu kabla yangu: "Huyo ni mtaalamu wetu wa mawasiliano." Wakaandika. Tumepita. Nina karatasi yenye mhuri, nimeibandika mapokezi, juu kabisa, pale Kicheko asipoweza kuchorachora.

Sasa hili lingine. Jana alasiri baba alikuwa amelala chumbani, ule mguu. Niliingia stoo kuhesabu sindano, redio ikaanza kuita. Redio, inaita. Nilisimama mbele yake na boksi la sindano kifuani, nikasema iite mpaka ichoke. Ikachoka. Ikaanza tena. Nikakumbuka baba alivyoandika kwamba alipiga tena.

Nikafungua mgongo, nikapokea.

Hakuwa yeye. Alikuwa mtoto, uso umejaa kioo chote, pua karibu kuingia ndani. Akasema, "Babu?" Halafu akaniona. Akacheka, akaziba lile pengo kwa ulimi, na mimi nikakaa kwenye kiti cha baba. Akaniuliza, "Wewe nani?"

Nikamwambia mimi ni shangazi yako.

Nyuma yake kaka yetu alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo, maji yanamiminika, hasikii. Amenenepa. Kichwani nywele zinamwisha mahali pale pale zilipomwishia baba. Mtoto akageuka kutaka kumwita, nikamwambia amwache amalize kwanza. Tukakaa hivyo, mimi na yeye, tukimwangalia anaosha sufuria.

Sijamsamehe. Nina maneno ya kumwambia na mengine si mazuri. Lakini bomba lilipofungwa akageuka akaniona, na hakuna aliyekata simu.

Nakuandikia haya kwa sababu ulisema tundu la nne husikilizi. Basi usingejua.

Dada yako